Katika Boma Hili Lori Haifi

Sogeeni hapa, wanangu. Nanyama, vuta hicho kigoda. Barasa, wewe kaa pale karibu na mlango, penye mwanga, nikuone vizuri, na usiende kuoga kwanza. Najua mama yenu Rispah amekuchemshia maji, lakini yatangoja. Nataka nikutazame hivyo hivyo ulivyo, na hiyo grisi mpaka kwenye masikio, kwa sababu jana nilikuwa nimelala hapa nikikutafutia mahali pa kaburi, najiuliza kama uwe karibu na babu yako au kule chini kwenye migomba, na sasa umeketi hapo unatafuna mahindi ya kuchemsha kama mtu aliyetoka shambani. Tafuna tu, mwanangu. Moyo wangu leo umetua, na sijui kama utatua hivi tena, kwa hivyo nataka kusema yale ninayotaka kusema kabla kifua hiki hakijanifunga mdomo.

Na mkinisikia nasema Kiswahili ndani ya nyumba yangu mwenyewe, msidhani homa imenipanda kichwani. Kipketer yuko hapa, ameketi karibu na miguu yangu, na nataka asikie kila neno bila mtu wa kumtafsiria. Kisabaoti changu kinatosha kuulizia bei ya asali. Kibukusu chake kinatosha kutukana ng'ombe. Kiswahili ndicho tulichokutana nacho barabarani, hiki chetu cha huku juu ambacho watu wa pwani wakikisikia wanashika mbavu, na ndicho kilichotukosanisha miaka yote hii, basi leo kitufanyie kazi nyingine.

Nyinyi kazi ya boma hili mliikuta. Hamkuona ilivyoanza. Mimi nilikuwa nafunga maksai kwa mzungu mmoja wa Kiminini, zamani, kabla ya nzige, na huko ndiko nilikojua kumsoma maksai: yupi anavuta kwa moyo, yupi anaegemea mwenzake tu na kufunga macho kama anasali. Aliyekuwa anatembea mbele ya maksai hao alikuwa kijana wa Kaptama, kule mlimani, jina lake Kipkemboi. Yeye alikuwa ndugu mkubwa wa huyu Kipketer. Mimi nilikuwa nyuma na mjeledi, napiga kelele kwa Kibukusu, yeye mbele ameshika kamba, anawabembeleza kwa Kisabaoti, na wale ng'ombe wakawa wanasikia lugha mbili kuliko makarani wengine wa Kitale. Tulipoacha kazi ya mzungu tulikuja hapa Kamukuywa, kwa sababu tulikuwa tumeona kitu ambacho wengine walikuwa wanakipita tu. Tuliona kwamba malori yameanza kuja, na tuliona huu mlima wa kutoka mtoni.

Mvua ikinyesha kidogo tu, huu udongo ulikuwa unageuka kuwa sabuni. Lori ya Mhindi inatoka Bungoma na pamba, inashuka mtoni vizuri, inavuka, inaanza kupanda, na pale kwenye kona magurudumu yanazunguka bila kwenda popote. Dereva anashuka, anapiga lori teke, anakaa kando ya barabara. Siku ya kwanza tulipofunga mnyororo kwenye ekseli ya lori na Kipkemboi akatangulia mbele akiongea na maksai wake polepole, yule dereva alivua kofia. Alikuwa amelala pale njiani na mbao za watu, amekula mahindi mabichi ya shamba la watu, na alipofika juu alishuka akamshika kila maksai shavu. Nilimwambia Kipkemboi, bwana, hii ni kazi. Akasema ndiyo, lakini ni kazi ya matope. Na kweli ilikuwa ya matope, lakini ndiyo iliyowavisha nyinyi na kuwapeleka shule ya misheni.

Barasa, hiyo kazi ina mambo yake na nitayasema hata kama unayajua, maana mtu anayejua ndiye anayesahau. Mnyororo unafungwa kwenye ekseli, haufungwi kwenye bampa hata dereva akilia. Mtu yeyote asisimame kati ya maksai na lori wakati mnyororo umekaza. Jiwe mlilozuilia gurudumu mliondoe barabarani kabla ya kuondoka, sio mliache pale limuue mwingine kesho. Lori ikiwa inateremka na breki zake ni mbovu, maksai wanafungwa nyuma, waikawize. Na mkifika mahali, msiulize lori ina nini. Ulizeni kwanza watu wako wapi, wangapi, nani ameumia. Lori inaweza kungoja. Nimeona watu wanapima jeki huku mtu analia chini ya magunia, na sitaki isemwe hata siku moja kwamba watu wa boma hili walifanya hivyo.

Sasa nifike pale ninapotaka kufika. Rispah, nipe hayo maziwa kidogo. Asante, mama Nanyama.

Kipkemboi alikuwa mtu asiyetosheka na kushika kamba. Alikuwa anapanda pale mbele ya lori tunazozivuta, anatazama mguu wa dereva na mkono wa dereva, mpaka siku moja tajiri mmoja wa Kitale akampa usukani. Akawa dereva, Msabaoti wa kwanza niliyemwona mimi akiendesha lori, na mama yake, mzee Cherop, alikuwa akiisikia ile injini inapanda anatoka nje ya nyumba na kupunga mkono kabla hata haijaonekana. Na madereva walikuwa na maneno yao. Lori ikiharibika walisema imekufa. Na si walisema imekufa tu. Kwa huu ulimi wetu wa huku, ambao mtu na kitu na mnyama vyote vinapita mlango mmoja, walisema lori amekufa. Na kwa sababu dereva na lori yake ni kitu kimoja, walisema mimi nimekufa. Nimekufa pale Webuye, nimekufa pale Kiminini, jana nimekufa mara mbili. Tulikuwa tunacheka. Mimi pia nilikuwa nasema hivyo, kila mtu wa barabara alikuwa anasema.

Mvua za masika, kabla ya vita vya Hitla, Kipkemboi alivunja ekseli kule Kabuchai. Akapata mchuuzi wa simsim anapita kuja huku, akamwambia, nenda Kamukuywa, umwambie Walubengo nimekufa hapa Kabuchai, alete maksai. Yule mchuuzi alikuwa mtu mwaminifu. Alitembea na hayo maneno kama mtu aliyebeba mayai, na hakuvunja hata moja. Lakini alipofika hapa hakunikuta. Nilikuwa chini mtoni na lori nyingine. Aliyemkuta uani ni mama Cherop, ameteremka kutoka mlimani na kibuyu cha maziwa kumletea mwanawe. Basi akamwambia vile alivyoambiwa. Kipkemboi amekufa Kabuchai. Ati Walubengo apeleke maksai.

Nilipopanda kutoka mtoni nilimkuta amekaa chini kwenye vumbi, ametoa kitambaa kichwani. Nikamwambia, mama, ni lori. Mwanao ni mzima, ni lori tu. Akaniuliza kama ni lori, kwa nini mtu huyu ametaja jina la mwanangu. Nikamweleza. Akaniuliza maksai ni wa nini, kama si wa kubeba maiti. Nikamweleza tena. Alinitazama kwa upole, wanangu, upole ambao mpaka leo unanichoma, kwa sababu alidhani namfariji. Kila mtu anamdanganya mama saa ile ya kwanza, na yeye alijua hivyo, na mimi niliposema ukweli ulitoka kinywani mwangu ukiwa na sura ya uongo. Nikafunga maksai nikaondoka haraka, nikijua kwamba dawa ni kumrudisha Kipkemboi kwa miguu yake mwenyewe. Lakini nani anakwenda haraka na maksai kwenye yale matope? Na wakati narudi, Kipkemboi anatangulia mbele ya maksai kama zamani, anaimba, lori inakuja nyuma yetu kwa mnyororo, tulikutana na Kipketer pale juu kwenye kona. Alikuwa amenyoa kichwa. Kipkemboi aliacha kuimba. Mama yao alikuwa amekwisha kuzikwa. Alikataa kula tangu alipofika nyumbani, kisha moyo wake ukasimama.

Kipketer hakupiga kelele. Wewe Kipketer, niache niseme, si kwa ubaya. Hakumtazama hata ndugu yake, alinitazama mimi, mwenye maksai, mtu wa barabara, na akasema: "Walubengo, lori ina mama?"

Nikasimamisha maksai.

Akasema: "Kama haina mama, kwa nini mnaipa neno la mtu?"

Nimekaa na swali hilo miaka yote hii. Sikuwa nimefanya neno lolote baya, na Kipkemboi alinitetea mbele ya wazee wao mpaka sauti ikamkauka, na yule mchuuzi wa simsim alikula kiapo kwamba alisema alivyoambiwa tu, na wote tulikuwa tunasema kweli. Lakini mama alikuwa kaburini. Kipketer akaifunga ile njia ya ng'ombe iliyokuwa inatoka kwao mlimani inapita kando ya boma letu kwenda mtoni, akasimamisha miti upande wa juu, na mimi kwa hasira zangu nikasimamisha lango upande wa chini. Kipkemboi alikuja akakaa hapa kwetu, akaacha kuendesha, akarudi kushika kamba ya maksai, mpaka homa ilipomchukua wakati wa vita. Kipketer alikuja kuchukua maiti. Alipita pale langoni bila kugeuza shingo, na hatukusalimiana tena mpaka juzi.

Lakini mimi, tangu siku ile ya kona, nilikataza. Katika boma hili lori haifi. Lori inakwama, lori inalala, lori inazima, lori inavunjika, maneno ni mengi, Mungu alituwekea ya kutosha. Kufa ni kwa mtu. Nanyama, unakumbuka nilivyokuchapa na wewe mkubwa, msichana wa kuchumbiwa, kwa sababu ulisema lori ya Malakisi imekufa? Ulilia ukasema baba ana wazimu. Na madereva wakapata la kuchekea. Wakaniita Mzee Haifi. Wanapanda huu mlima wanapiga honi wanapaza sauti, Haifi, hujambo, yangu leo ni mgonjwa sana lakini haifi! Nikacheka nao. Barasa ndiye hakucheka. Yeye alipigana shuleni kwa sababu ya jina hilo, akarudi na shati limepasuka.

Na ulipokua, mwanangu, ukawa dereva, ukahamia Kibomet, uliniambia maneno ambayo nimekaa nayo tangu mavuno. Uliniambia, papa, ni neno tu. Ukasema dunia nzima inasema hivyo, kutoka Kitale mpaka Tororo, wewe peke yako ndiye unayeshindana na midomo ya watu. Mimi nikakwambia kwamba ukitaka kusema hivyo useme huko Kibomet, usilete hapa. Ukavaa kofia yako ukaondoka bila kunywa chai. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya mwisho, na ndiyo niliyokuwa nayo kifuani pamoja na hii kohozi, pale mtu wa baiskeli alipopita wiki hii na mzigo wa tumbaku, akasimama sokoni, akasema Barasa wa Haifi amekufa Malakisi, kule kwenye daraja.

Mama yenu alianguka. Majirani wakaanza kuja, akina mama wameshika vichwa, na mimi nikaomba ninyanyuliwe kitandani. Nikawaambia asilie mtu. Asinyoe mtu. Nikawaambia pengine ni lori. Wakanionea huruma, wakasema mzee ameshaanza kupotea. Lakini nyinyi hamkujua nilivyokuwa nateseka hapa ndani, na leo nitawaambia kwa sababu leo ninaweza kucheka. Mimi ndiye niliyemlea huyu kijana asiseme hilo neno. Basi kama alinisikia, kama alilishika katazo la baba yake, basi hilo neno lililokuja halikutoka kwa lori, lilikuwa ni neno la kweli na mwanangu yuko chini ya daraja. Na kama yuko hai, basi ni kwa sababu alinidharau, alifika Malakisi akasema kama wengine, nimekufa hapa. Mnaona nilipokuwa? Nililala hapa namwomba Mungu mwanangu awe hakunisikia. Nilisema, Bwana, mfanye awe mkaidi. Mfanye awe amenidharau toka siku ile alipovaa kofia. Mzee wa kanisa alikuja kuomba na mimi, akanisikia naomba hivyo, akafungua macho.

Nanyama alitaka kwenda mwenyewe na maksai, Rispah akamshika nguo. Tukiwa katika hayo, tukasikia mbwa, na aliyesimama mlangoni ni Kipketer. Nilidhani ni homa. Mvi zake zote, na fimbo ya mti wa mwiba aliyokuwa anatembea nayo ndugu yake, ndani ya boma langu. Hakuketi. Alikuwa amepata habari kule Kaptama, habari inapanda mlima upesi kuliko lori. Akasema: "Nimesikia neno. Sijamwona mtu. Nakwenda kumwona mtu."

Nikatazama alichobeba. Begani alikuwa na blanketi jipya limekunjwa, na mkononi alikuwa na kibuyu cha maziwa. Sikuuliza. Nilielewa, na mama yenu alielewa, akageuza uso. Blanketi ni la kumfunika mtoto wangu kama ni maiti, na maziwa ni ya kumpa anywe kama ni mzima. Alikuwa amejiandaa kwa yote mawili, huyu mtu ambaye mama yake alikufa kabla mtu yeyote hajakwenda kuona na kumrudishia habari. Akatoka, akashika barabara na lori ya kwanza iliyopita, na mimi nikabaki nasikiliza kila injini inayopanda mlima. Sijapata kusikiliza hivyo. Nikisikia gia inabadilishwa pale kwenye kona moyo unaruka, halafu lori inapita, halafu kimya.

Asubuhi hii wameingia. Kipketer ametangulia, na kabla hajakanyaga kizingiti alisema kwa sauti, sauti ya mtu anayeita ng'ombe, ili nisikie tangu yuko nje:

"Walubengo, mtoto ni mzima! Gari ndiyo mbovu."

Nililia, wanangu. Sijali nani aliona. Nililia mpaka kikohozi kikanishika, na Barasa akaingia akapiga magoti hapa, ananuka dizeli, na blanketi lilikuwa begani kwa Kipketer limekunjwa vile vile, na kibuyu kilikuwa kitupu. Na nilipopata sauti, jambo la kwanza nililouliza, Barasa, ulisema nini kwa yule mtu wa baiskeli? Nikawa najiandaa kukusamehe. Nilikuwa na furaha ya kukusamehe. Na wewe ukasema, nilimwambia, lori imevunjika gia, mimi ni mzima, mwambie papa asiwe na wasiwasi. Hivyo ndivyo ulivyosema. Neno kwa neno. Yule mtu wa tumbaku ndiye aliyeyamwaga yote njiani na kuokota lile moja ambalo kila mtu analo mfukoni. Kwa hivyo wewe u hai, na ulinisikia. Nimepewa vyote viwili, mimi niliyekuwa naomba kimoja kwa kukitoa kingine. Tangu asubuhi nacheka peke yangu hapa kitandani. Mama yenu anadhani nimechanganyikiwa.

Nipumzike kidogo. Msitoke.

Sasa ya mali. Ni machache, msikunje nyuso. Maksai wote na nira zao ni vya Nanyama. Ndiyo, Nanyama. Barasa, usinitazame hivyo, na wajomba zenu wakija kusema binti harithi ng'ombe waambieni waje wao wamfunge yule mwekundu wa kushoto asubuhi ya mvua, tuone kama atawakubali. Nanyama ndiye aliyebaki hapa ameolewa jirani, ndiye anayewaita maksai wakaja. Mnyororo, jeki zote mbili, kile kibanda cha fuawe tunapofulia vyuma na uwanja wote wa mbele mpaka barabarani ni vya Barasa. Nataka urudi kutoka Kibomet. Serikali inamwaga murram, ile changarawe nyekundu, barabarani, mmeona, na wanapima mtoni kwa daraja la maana, na mlima huu hautakuwa sabuni tena. Usisikitike. Malori yatakuwa mengi na yatakwenda kwa kasi, na yatavunjika gia na springi badala ya kukwama, na wewe umeshinda siku nzima chini ya gari na gia mkononi ukaitengeneza, Kipketer amenieleza, mpaka ikatembea. Basi tengeneza za wengine. Nanyama atavuta zile ambazo hazitembei, wewe utatengeneza. Msigawane uwanja. Kazi ni moja. Mkigombana, mmoja wenu apande kwa Kipketer akamwite aje awasikilize.

Nyumba ni ya mama yenu mpaka mwisho wake. Asiulizwe na mtu.

Ile njia ya ng'ombe, fungueni. Kipketer amesema miti yake ataing'oa akirudi, na nyinyi ling'oeni lile lango letu leo, kabla ya jua kushuka, nisikie nyundo kutoka hapa. Ng'ombe wa Kaptama wapite waende mtoni kama zamani, na mtu yeyote wa nyumba ya Kipkemboi akipita ana njaa aingie ale. Si wageni. Mliwahi kuwa na baba wawili katika boma hili, mmoja mbele ya maksai na mmoja nyuma, mkasahau mmoja. Msisahau tena.

Katazo langu sitawafunga nalo. Barasa alisema kweli, midomo ya watu ni mingi kuliko yangu, na huko Kitale wataendelea kuua malori yao. Lakini hapa, kwenye uwanja wetu, mtu akija akisema fulani amekufa mahali fulani, msilie na msicheke. Mwulizeni, ulimwona? Halafu atumwe mtu akaone. Na aende na blanketi na maziwa, kama alivyofanya mzee huyu. Nataka iwe desturi ya hapa. Hata kama mtu huyo ni adui. Hata kama ni lori tu.

Nanyama, inua kichwa changu. Hivyo. Asante.

Sauti inaisha. Nisikilizeni karibu. Mungu awaweke. Awape maji safi, na watoto wanaosikia, au wanaojifanya hawasikii kumbe wamesikia. Barasa, nimekubariki, na ile chai ambayo hukunywa uinywe leo. Nanyama, mkono wako... ndiyo, mkono huu. Uwe na nguvu. Rispah anajua yangu kwake, nilimwambia usiku, si ya kusemwa hapa.

Kipketer, ndugu yangu. Habari zangu utazipeleka wewe mlimani. Nakuomba. Na Barasa atawaambia wale wa malori. Mchungaji atataka kusema Mzee Walubengo amelala. Mkatazeni kwa heshima. Mkisema amelala, hawa madereva... watakuja na kamba kunivuta.

Msicheke sana, mnanikohoza.

Msiseme nimelala. Msiseme nimetangulia. Hilo neno lingine nimelitunza. Sikuliacha litumike na gari hata moja hapa ndani, tangu mama Cherop. Ni zima bado. Safi. Likifika wakati wake mliseme wazi, mtu akisikia asiulize mara ya pili.

Semeni nimekufa. Mimi. Mtu.

Haya. Barasa... nenda ukaoge sasa.